Ordinatere ya nyumbani: mambo nane tunayoamini na ambayo yanatupotezea kazi

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Butembo, Bunia ao Uvira, ordinatere inatunzwa kama mgeni wa heshima. Inafunikwa kitambaa, watoto wanakatazwa kuigusa, na jirani akiiomba anajibiwa kwamba iko na tatizo. Lakini siku inapogoma kuwaka, kinacholiza familia si kile chuma. Ni kazi ya mwisho wa masomo ya kijana, hesabu za kikundi cha akiba cha mama, picha za babu aliyefariki, nakala ya hati ya kiwanja. Chuma kinapatikana tena dukani, hata kama ni cha okazioni. Kazi hiyo haiuzwi popote.

Wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanajua jambo hili kuliko watu wengine. Jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, kuna watu wa kaskazini mwa Goma waliotoka nyumbani na nguo za mwilini tu. Siku tano baadaye, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Tangu wakati huo, vita vimewatoa wengine wengi zaidi kwenye nyumba zao. Anayekimbia usiku hana nafasi ya kufungua nyaya.

Hata hivyo, makosa mengi yanayopoteza kazi ya watu hayatoki kwa volkano wala kwa vita. Yanatoka kwa mambo tunayoambiana kila siku, tukiamini kwamba ni ya kweli. Yafuatayo ni manane kati ya yale yanayosikika zaidi, pamoja na ukweli wa kila moja.

1. “Yangu haiko na intaneti, haiwezi kupata virusi”

Huu ni uongo wa zamani sana, na tunaulipia kila siku katika miji ambayo sekretariati za kupiga chapa ziko kila kona ya barabara. Mwanafunzi anaandika kazi yake nyumbani, anaiweka kwenye fleshi, anaenda kuichapisha karibu na chuo. Fleshi inaingia katika mashini ambayo tangu asubuhi imepokea fleshi za watu wengi asiowajua. Jioni inarudi nyumbani. Hakuna hata mega moja iliyotumika, lakini virusi vimesafiri.

Mfano mkubwa zaidi duniani ulijulikana mwaka 2010. Virusi vilivyoitwa Stuxnet viliingia katika kiwanda cha nyuklia cha Natanz, nchini Iran, ambako mashini za kazi zilikuwa zimetengwa na intaneti kwa makusudi. Vilikuwa vimetengenezwa ili vipite kwenye fleshi. Ikiwa kiwanda kinacholindwa na askari kilifikiwa kwa njia hiyo, chumba chetu cha kulala hakina kinga zaidi.

Dalili ambayo wengi wameiona ni hii: unafungua fleshi na kukuta mafolda yote yamegeuka kuwa picha ndogo zenye mshale, ao fleshi inaonekana tupu wakati inasema imejaa. Watu wengi wanaogopa na kuifuta yote. Msifanye hivyo. Mara nyingi mafaili yako pale pale, virusi vimeyaficha tu. Usibonyeze ile mishale, kwa sababu kubonyeza ndiko kunakoamsha virusi. Kwanza pitisha antivirusi kwenye fleshi. Kisha, kwenye Windows ya Kifaransa, ingia “Affichage” na uweke alama kwenye “Éléments masqués”. Kama bado hayaonekani, fungua dirisha la amri na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Hapo E ni herufi ya fleshi yako, na inaweza kuwa nyingine.

Kinga yake haigharimu sana. Uwe na fleshi moja ndogo ya kuchapisha tu, isiyobeba kitu kingine chochote. Weka humo faili moja la PDF, na ukirudi nyumbani uipitishe antivirusi kabla ya kufungua kitu.

2. “Antivirusi mbili zinashinda moja”

Antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja ni kama walinzi wawili mlangoni ambao hawajuani: kila mmoja anamshuku mwenzake. Zote mbili zinataka kuchunguza faili lile lile kwa wakati ule ule, ordinatere inakuwa nzito, na wakati mwingine moja inazuia kazi ya nyingine.

Tena, wengi hawajui kwamba Windows 10 na Windows 11 zinakuja na antivirusi yao ndani, inayoitwa Defender. Ni ya bure, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha, ikiwa unaiacha ipate masahihisho yake. Ukiweka antivirusi ya kampuni nyingine, Defender inajisogeza pembeni yenyewe ili zisigongane.

Hatari kubwa zaidi iko mahali pengine: ni ile antivirusi ya kulipia, ao ile Office, ao ule mchezo, ambao fundi ao rafiki amekuletea “imevunjwa”, pamoja na programu ndogo ya kuifungua bila kulipa. Mara nyingi maelezo yake yanaanza na sentensi hii: zima kwanza antivirusi yako. Anayekuambia uzime taa kabla hajaingia nyumbani anataka nini? Virusi vya familia ya STOP, ambayo wataalamu wanaiita pia Djvu, vimeenea kwa njia hiyo hasa. Vinafunga picha na maandishi yako yote kwa namba za siri, vinayaongezea jina la ajabu mwishoni, kisha vinakuachia barua ya kudai dola.

Likikufikia jambo hilo, usikimbilie kulipa, kwa sababu hakuna kinachowalazimisha wezi kutimiza ahadi. Hifadhi mafaili yaliyofungwa kama yalivyo. Tangu mwaka 2016, polisi ya Ulaya Europol, polisi ya Uholanzi na makampuni ya usalama yanaendesha mpango unaoitwa No More Ransom, unaotoa bure programu za kufungulia baadhi ya virusi hivyo. Haufungui vyote, lakini ni vizuri kuangalia pale kabla ya kupoteza feza.

Kwa asiyeweza kulipa Office, LibreOffice ni ya bure kihalali, inafungua mafaili ya Word na Excel, na haimwombi mtu azime chochote.

3. “Ile mise à jour inakula mega bure, zima”

Malalamiko haya yana haki yake. Mega ni ghali kwetu, na Windows inaweza kumaliza kifurushi cha wiki kwa saa moja bila kuuliza. Kosa ni dawa tunayochagua: kuzima masahihisho kabisa, kwa miaka.

Tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa sahihisho la kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 mwezi wa tano mwaka huo huo, virusi WannaCry vilipita katika tundu hilo hilo na kuingia katika ordinatere zaidi ya 200.000 katika nchi zaidi ya 150. Uingereza, hospitali za serikali zililazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwa imetolewa karibu miezi miwili mapema. Walioumia ni hasa wale ambao walikuwa hawajaipokea, na wengi wao walikuwa na Windows 7.

Njia ya katikati ipo. Katika mapangilio ya Wi-Fi ya ordinatere, chagua mtandao wa telefone yako kisha washa “Connexion limitée”. Windows itaelewa kwamba mega zinahesabiwa, na itaacha kupakua vitu vingi peke yake. Halafu, mara moja kwa mwezi, peleka ordinatere mahali penye mtandao usiopimwa, kazini, chuoni ao kwa rafiki, ao tumia kifurushi cha usiku, na uiache ipokee masahihisho yake yote.

Kuna jambo jingine la kujua. Windows 7 haipokei tena masahihisho ya usalama tangu mwezi wa kwanza mwaka 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 2025. Microsoft imewapa watu wa nyumbani muda wa ziada mpaka tarehe 13 mwezi wa kumi mwaka 2026, kwa wale tu wanaojiandikisha. Ordinatere nyingi za okazioni zinazouzwa kwetu ni za zamani mno kupokea Windows 11 kwa njia ya kawaida. Kabla ya kununua, muulize muuzaji ni Windows gani iliyo ndani na kama inaweza kupanda. Kwa mashini ya zamani ambayo bado iko na nguvu, mfumo wa bure kama Linux Mint unaweza kuirudishia maisha, na unaendelea kupokea masahihisho.

4. “Niko na stabilizatere, radi haiwezi kunifikia”

Tuanze na radi, kwa sababu sisi ni wenyeji wake. Mwaka 2016, watafiti walitoa orodha ya mahali duniani ambapo radi inamulika zaidi, baada ya kuhesabu yale ambayo satelaiti iliona kwa miaka 16, kutoka 1998 hadi 2013. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, nchini Venezuela. Ya pili duniani na ya kwanza katika Afrika ni Kabare, katika Kivu ya Kusini: mimuliko karibu 205 kwa kila kilomita moja ya mraba kila mwaka. Ya tatu ni Kampene, katika Maniema. Sake, mlangoni mwa Goma, iko kati ya tano za kwanza.

Stabilizatere haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kazi yake ni kupandisha umeme ukishuka sana na kuushusha ukipanda. Haihifadhi umeme ukikatika, na radi ikipiga karibu na nyaya, inaipita kwa urahisi. Hata ile ralonji yenye kinga ndani yake inasaidia kwa mishtuko midogo tu. Dhidi ya radi, dawa ni moja: ngurumo zikianza, ng’oa kwenye prizi. Kuzima kwa kidole hakutoshi. Ng’oa pia waya wa mtandao na ule unaotoka kwenye antena, kwa sababu radi inapita huko vilevile.

Saa nyingine ya hatari ni umeme unaporudi. Ukikatika, ng’oa. Ukirudi, hesabu dakika chache kabla ya kuchomeka tena, kwa sababu nguvu ya kwanza mara nyingi inakuja ikipanda na kushuka.

Hapa kuna tofauti ambayo ingeokolea familia nyingi feza. Ordinatere ya kubeba iko tayari na batri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika haizimiki. Tena soma maandishi madogo kwenye chombo chake cha kuchajia: mara nyingi pameandikwa 100–240V, maana yake kinavumilia umeme unaoshuka mpaka 100. Mwenye ordinatere ya kubeba hana haja kubwa ya stabilizatere kubwa. Lakini mwenye ordinatere ya mezani anahitaji ondilere, ile yenye batri ndani, inayompa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Usichomeke juu yake printa ya laza, inavuta umeme mwingi mno. Na ujue kwamba batri ya ondilere inachoka: baada ya miaka mitatu ao minne, ijaribu kabla haijakuaibisha.

5. “Acha batri iishe kabisa ndipo uchaji”

Shauri hili lilikuwa la kweli kwa batri za zamani za nikeli na kadmiumu, ambazo zilikuwa kama zinasahau nguvu zao zikichajiwa nusu. Batri za leo ni za litiumu, na nyingi kati yake zina kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Likasi. Tunachimba madini yake, basi tujue pia jinsi ya kuitunza.

Batri ya litiumu haipendi kufika sifuri. Inaishi zaidi ikikaa kati ya asilimia 20 na 80. Kuiacha kwenye umeme saa zote hakuilipui, kwa sababu kuna kifaa ndani kinachokata chaji ikijaa, lakini kukaa kila siku kwenye asilimia 100, hasa mahali pa joto, kunaizeesha haraka. Ordinatere nyingi za leo ziko na mapangilio ya kuiambia isimame kwenye 80.

Adui wake mkubwa ni joto. Usiiweke juu ya blanketi ao godoro, ambako matundu ya hewa yanazibwa. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Na ukiona mgongo wa ordinatere umevimba, ao kibodi imeinuka katikati, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Batri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Usiitoboe, usiibinye irudi, usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Mpelekee fundi anayejua kuitoa.

6. “Imekuwa nzito, weka programu ya kusafisha ao fanya formataji”

Programu zinazoahidi kuongeza mwendo kwa kubonyeza mara moja zinajaa kwenye intaneti. Nyingi hazifanyi kitu kikubwa, na baadhi ndizo zinazoleta matangazo na uzito. Zile zinazosema zinasafisha “registre” ya Windows, Microsoft yenyewe haizikubali, kwa sababu zikifuta kipande kisichotakiwa, ordinatere inaweza kugoma kuwaka.

Kabla ya formataji, tafuta sababu. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Maj na Échap, kisha uangalie sehemu ya “Démarrage”: humo kuna orodha ya programu zinazoamka kila asubuhi bila kuitwa. Zima zile usizozihitaji. Angalia kama diski imejaa, kwa sababu Windows inakosa pumzi ikibaki na nafasi ndogo. Kama ordinatere bado iko na diski ya zamani, ile inayozunguka, kuibadilisha na diski ya SSD ndiyo dawa inayobadilisha mwendo kuliko zote, mara nyingi kuliko kununua mashini nyingine. Ukishaweka SSD, usiipitishe zile programu za watu wengine za kupanga upya diski. Hazina faida kwake na zinaichosha.

Sababu nyingine ni mavumbi. Goma, mavumbi meusi ya mawe ya volkano yanaingia kila mahali, na mahali pengine ni mavumbi mekundu ya barabara. Yakiziba feni, ordinatere inapata joto na inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mara moja ao mbili kwa mwaka ifunguliwe na kupulizwa ikiwa imezimwa, huku feni imeshikwa kwa kidole isizunguke kwa nguvu ya upepo. Kitambaa chenye maji mengi na sabuni havina nafasi hapo.

Lakini kuna sauti moja ambayo haisubiri: diski inayogonga, tik, tik, tik. Hiyo inaaga. Usiitie programu, usiizime na kuiwasha mara kumi ukijaribu. Toa kwanza mafaili ya lazima.

7. “Nilifuta vyote kabla ya kuuza, tena niliweka neno la siri”

Unapofuta faili na kumwaga hata kile kikapu cha takataka, Windows haiondoi maandishi kwenye diski mara moja. Inaondoa tu jina lake kwenye orodha, kama mtu anayefuta jina kwenye mlango wa nyumba na kuacha vyombo ndani. Formataji ya haraka nayo inafanya vivyo hivyo. Mtu mwenye programu ya bure anaweza kuvirudisha vingi.

Habari hii iko na pande mbili. Upande mzuri: ukifuta kazi yako kwa bahati mbaya, acha mara moja kuitumia ile diski ao ile fleshi, usiandike kitu kingine juu yake, na fundi mzuri anaweza kuiokoa. Kwenye SSD nafasi ni ndogo zaidi, kwa sababu yenyewe inasafisha haraka. Upande mbaya: ordinatere uliyouza sokoni inaweza kuwa bado imebeba picha za familia, nakala ya kadi ya uchaguzi na namba za wateja. Kabla ya kuuza, pita “Réinitialiser ce PC”, chagua kuondoa vyote, na ukubali pia kusafisha diski, hata kama inachukua saa kadhaa.

Na lile neno la siri la kuingilia Windows? Linazuia mtoto na mgeni. Halizuii mwizi mwenye bisibisi, anayetoa diski na kuisomea katika mashini nyingine, isipokuwa diski yenyewe imefungwa kwa BitLocker ao programu nyingine ya aina hiyo. Ukiifunga, andika ufunguo wake kwenye karatasi na uuhifadhi mbali na ordinatere. Ukiupoteza, hata wewe hutaingia.

Jambo hili linahusu zaidi wale wanaoweka habari za wengine: kituo cha afya cha kartiye, shule, kikundi cha akiba, kanisa ao shirika dogo. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, Kongo iko na sheria ya mambo ya numeriki, ordonansi-sheria namba 23/010, na ndani yake kuna sehemu inayolinda habari za watu binafsi. Orodha ya wagonjwa iliyosahaulika katika mashini ya okazioni si jambo la uzembe tu.

8. “Kazi yangu iko salama, iko kwenye fleshi”

Tumefika kwenye kosa linaloumiza kuliko mengine saba. Fleshi ni kikapu cha kwenda nacho sokoni, haikutengenezwa kuwa ghala. Inapotea, inafuliwa pamoja na suruali, inakufa bila kutoa dalili. Na mara nyingi ile kazi iko kwenye fleshi peke yake, kwa sababu mwanafunzi hana ordinatere yake, anaazima ya kaka ao anaandikia kwenye sekretariati. Nakala moja, popote ilipo, ni sawa na kukosa nakala.

Wataalamu wanafuata kanuni rahisi ya namba tatu: nakala 3, kwenye vifaa 2 vya aina tofauti, na 1 kati yao iwe nje ya nyumba. Kwa kijana anayeandika kazi ya mwisho wa masomo, kanuni hii haihitaji feza nyingi. Nakala ya kwanza iko kwenye ordinatere. Ya pili iko kwenye fleshi ao diski ya nje. Ya tatu ijitume kwenye barua pepe yako mwenyewe kila Jumamosi. Maandishi ya kurasa mia moja bila picha ni mepesi sana, mara nyingi hayafiki mega mbili. Anwani ya Google inakupa bure nafasi ya giga 15. Nyumba ikifikiwa na moto, maji, mwizi ao vita, ile ya tatu inabaki.

Kuna masharti matatu ambayo watu wanasahau. La kwanza, diski ya nje ing’olewe baada ya kunakili, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili vinafunga pia diski iliyochomekwa. La pili, usiandike kila siku juu ya faili lile lile. Weka tarehe katika jina, ili ukiharibu sura ya tatu leo, ile ya wiki iliyopita iwepo. La tatu, fungua nakala yako mara kwa mara katika mashini nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni ahadi tu.

Usisahau neno la siri la barua pepe hiyo. Liwe refu, lisiwe la kitu kingine, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Kama umeingia WhatsApp ao barua pepe kwenye mashini ya watu wengi, toka kabla ya kuondoka. Wengi wanasema: mimi si tajiri, nani atanitafuta? Programu za wezi hazitafuti matajiri. Zinajaribu milango yote, na anwani yako inawafaa kuwaomba ndugu zako wakutumie feza kwa telefone kwa jina lako.

Tuanzie wapi?

Asiyekuwa na feza za kufanya haya yote kwa mara moja afuate mpangilio huu. Leo hii, kabla ya kulala, ajitumie kwenye barua pepe yale mafaili matano ambayo akiyapoteza atalia. Wiki hii, aangalie kama Defender inafanya kazi na ang’oe programu zilizovunjwa. Mwezi huu, apeleke mashini kupokea masahihisho mahali penye mtandao. Feza zikipatikana, anunue kwanza diski ya nje, kisha ondilere kama ana ordinatere ya mezani, kisha SSD. Antivirusi ya kulipia inakuja mwishoni kabisa, kama itakuja.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo daftari lenyewe liko ndani ya ordinatere, na daftari moja halitoshi tena. Kile kitambaa juu ya mashini kibaki, kinazuia mavumbi. Lakini kazi iliyo ndani inalindwa na nakala yake iliyo mbali na nyumba.